Mtakatifu Antoni wa Padua: jinsi mwalimu wa Maandiko alivyokuwa msimamizi wa vitu vilivyopotea

Mkatoliki aliyepoteza funguo, pete ya ndoa au hati muhimu hana haja ya kuambiwa amwombe nani. Jina la Mtakatifu Antoni wa Padua humjia lenyewe. Lakini ukimwuliza Antoni huyo alikuwa nani, huenda asiweze kueleza zaidi ya sanamu anayoifahamu: mtawa kijana mwenye joho la kahawia, amembeba Mtoto Yesu na kushika ua la yungiyungi. Sanamu hiyo haisemi kwamba alikuwa Mreno, kwamba jina lake la ubatizo halikuwa Antoni, kwamba Padua aliifahamu katika miaka ya mwisho tu ya maisha yake mafupi, wala kwamba Papa Pius XII alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, cheo cha watakatifu ambao mafundisho yao yana uzito wa pekee, na ambacho hadi leo wamekipata watakatifu wasiofika arobaini. Kati ya mtu aliyeishi na msimamizi anayeombwa pana umbali mkubwa, na mkanganyiko mwingi unaomzunguka Antoni umezaliwa humo, kwa sababu yale aliyoyatenda, yale yaliyosimuliwa juu yake baada ya kufa, na yale ambayo mapapa na wafalme waliyatamka kwa hati yamechanganywa kana kwamba yote yana asili moja na uzito mmoja.

Alizaliwa Lisbon yapata mwaka 1195, miaka hamsini hivi tangu mji huo utwaliwe kutoka mikononi mwa watawala Waislamu, akabatizwa kwa jina la Fernando. Akiwa bado kijana mdogo alijiunga na Wakanoni wa Mtakatifu Augustino, mapadre wanaoishi pamoja kwa kanuni ya kitawa, katika monasteri ya São Vicente de Fora, iliyokuwa nje kidogo ya kuta za mji. Jamaa na marafiki hawakumpa nafasi. Walikuwa wakimtembelea mara kwa mara, na baada ya miaka kama miwili aliomba ahamishiwe Coimbra, kwenye monasteri ya Santa Cruz. Hapo alitumia miaka karibu minane akisoma Biblia na maandishi ya mababa wa Kanisa. Yeyote anayetaka kumwelewa Antoni asiirukie miaka hii ya kimya, kwa maana kila kilichomfanya ajulikane baadaye kama mhubiri kilitokana na kumbukumbu ya Maandiko aliyoijenga Coimbra.

Mwaka 1220 mambo yalibadilika ghafla. Wafransisko watano waliokwenda kuhubiri Moroko waliuawa Marrakesh mnamo tarehe 16 Januari, na masalia yao yakaletwa Coimbra, katika kanisa lilelile ambamo Fernando alikuwa akisali. Shirika la Ndugu Wadogo, yaani la Wafransisko, lilikuwa bado changa, Fransisko wa Assisi mwenyewe alikuwa hai, na ndugu wachache waliokuwa wakiishi karibu na Coimbra, mahali paitwapo Olivais, walikuwa maskini wasio na elimu kubwa. Kanoni msomi aliacha monasteri yenye maktaba akajiunga nao kwa sharti moja: apelekwe Moroko. Kikanisa cha Olivais kilikuwa chini ya jina la Antoni Abati wa Misri, na Fernando akachukua jina hilo.

Moroko hakufia imani wala hakuhubiri. Aliugua mara alipofika, akakaa kitandani miezi, na alipopanda merikebu kurudi Ureno upepo uliipeleka Sisilia. Kutoka huko alipanda na ndugu wengine hadi Assisi, kwenye mkutano mkuu wa shirika wa Pentekoste ya mwaka 1221. Mkutano ulipokwisha, wakuu wa kanda walichukua ndugu zao wakaondoka, na Mreno huyu asiyejulikana na mtu akabaki bila pa kwenda, mpaka mkuu wa kanda ya Romagna alipokubali kumchukua kwa sababu alikuwa padre na ndugu wa makao ya upweke ya Montepaolo, karibu na Forlì, walihitaji mtu wa kuwaadhimishia Misa.

Tukio lililomtoa mafichoni lilitokea Forlì mwaka 1222. Kulikuwa na upadirisho, na katika mkusanyiko walikuwemo Wafransisko na Wadominiko pia. Desturi ilidai pawe na mahubiri, lakini hakuna aliyekuwa amepangiwa kuyatoa. Wadominiko, ambao kuhubiri ndiyo kazi yao, walikataa kusema bila kujiandaa. Mkuu akamgeukia Antoni na kumwagiza aseme chochote ambacho Roho atamjalia. Ndugu zake walimjua kama mtu mpole wa kazi za ndani. Alianza kwa maneno mepesi, kisha Maandiko yakaanza kumtoka moja baada ya jingine, bila kitabu mkononi, kwa mpangilio ambao wasomi waliokuwepo waliutambua mara moja. Tangu siku hiyo hakurudishwa Montepaolo.

Alitumwa kuhubiri kaskazini mwa Italia, kisha kusini mwa Ufaransa, sehemu ambazo Wakathari, kundi ambalo Kanisa lililihesabu kuwa la wazushi, walikuwa na wafuasi wengi. Fransisko, ambaye alikuwa na shaka na elimu ya vitabu kwa kuogopa isije ikawatia ndugu zake kiburi, alimwandikia barua fupi akimruhusu awafundishe ndugu teolojia takatifu, mradi tu masomo hayo yasizime ndani yao roho ya sala na ibada. Kwa barua hiyo Antoni alikuwa mwalimu wa kwanza wa teolojia katika shirika hilo. Kuanzia mwaka 1227 hadi 1230 aliongoza kanda ya kaskazini mwa Italia, na mbele ya Papa Gregori IX alihubiri kwa namna iliyomfanya Papa amwite Sanduku la Agano, kwa kuwa alionekana amebeba Maandiko yote kifuani. Mahubiri aliyoyaandika yapo hadi leo, na anayeyafungua akitarajia visa vya miujiza atashangaa: ni maandishi mazito ya ufafanuzi wa Biblia, yaliyoandikwa ili kuwasaidia wahubiri wengine, na ndani yake wenye kukopesha kwa riba na makasisi wapenda mali wanakemewa kwa ukali usio na kificho.

Padua ilimpata mwishoni. Katika Kwaresima ya mwaka 1231 alihubiri humo kila siku, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati ule, na makanisa yalipozidiwa watu walihamia viwanja vya wazi. Mwandishi wa kwanza wa maisha yake, mtawa mwenzake ambaye jina lake halikuhifadhiwa, anataja wasikilizaji karibu 30,000. Hesabu hiyo ni ya mtu aliyestaajabu, si ya mtu aliyehesabu. Hata hivyo mambo mengine anayoyaandika, kama vile mapadre kuzidiwa na watu waliotaka kuungama, wadeni kufunguliwa na mali ya wizi kurudishwa, yanaonyesha aina ya mahubiri yaliyokuwa yakitolewa.

Hapa inafaa kutua, kwa sababu tunalo jambo ambalo halitegemei masimulizi ya wacha Mungu peke yake. Mnamo Machi 1231 mji wa Padua ulipitisha sheria mpya juu ya wadeni. Kabla ya hapo, aliyeshindwa kulipa deni aliweza kufungwa, na kwa kuwa akiwa gerezani hakuweza kuzalisha chochote, kifungo chake kilikuwa hakina mwisho unaoeleweka. Sheria mpya iliamua kwamba mdeni akikabidhi mali yake yote asifungwe tena kwa deni hilo, na maandishi yake yanataja wazi kwamba ilipitishwa kwa ombi la Ndugu Antoni. Mji wa wafanyabiashara na wakopeshaji ulikubali kubadili kanuni zake kwa neno la mtawa mgeni. Ukiniuliza usimamizi upi wa Antoni una mizizi imara zaidi katika maisha yake, sitataja funguo, nitataja wadeni.

Baada ya Pasaka alikuwa amechoka na mwili wake umevimba kwa ugonjwa. Alikwenda kupumzika Camposampiero, kwenye ardhi ya mtawala mmoja aitwaye Tiso, ambako alijengewa kijumba kati ya matawi ya mti mkubwa wa jozi. Tarehe 13 Juni 1231 alizidiwa, akaomba arudishwe Padua juu ya mkokoteni wa ng'ombe, lakini walipofika Arcella, nje kidogo ya mji, hawakuweza kuendelea. Alifia hapo, akiwa na umri wa miaka kama 36. Mabishano juu ya nani auzike mwili yalichukua siku kadhaa na karibu yasababishe mapigano kati ya wakazi wa Arcella na wale wa mjini; mwishowe alizikwa Padua siku ya Jumanne, tarehe 17 Juni. Ndiyo sababu ibada zinazomhusu zikawekwa siku ya Jumanne, ingawa aliaga dunia siku ya Ijumaa.

Papa Gregori IX alimtangaza mtakatifu huko Spoleto tarehe 30 Mei 1232, siku 352 baada ya kifo. Mara nyingi husemwa kwamba hakuna aliyewahi kutangazwa haraka kuliko hivyo, nayo si kweli: Petro wa Verona, Mdominiko aliyeuawa Aprili 1252, alitangazwa Machi 1253, siku 337 tu. Ni kosa dogo, lakini linaonyesha jinsi sifa za Antoni zinavyokua zenyewe zikishaachwa midomoni mwa watu.

Sasa tuje kwenye neno usimamizi lenyewe, ambalo lisipoelezwa vizuri humfanya mtakatifu aonekane kama ofisa wa idara. Mafundisho ya Kanisa Katoliki yanasema kwamba ibada ya kuabudu ni ya Mungu peke yake, na kwamba watakatifu huheshimiwa na kuombwa waombee. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika huko, katika kikao chake cha mwisho mnamo Desemba 1563, ulisema kwamba ni jambo jema na la manufaa kuwaomba watakatifu maombezi yao. Haukusema kwamba kila mtakatifu amegawiwa eneo lake la mamlaka. Mtakatifu msimamizi, au somo kama waamini wengi wamwitavyo, ni yule ambaye mtu, parokia, mji au nchi imejiweka chini ya maombezi yake kwa namna ya pekee. Uhusiano huo unaanzia upande wa wanaoomba. Mungu hasikii ombi juu ya pete iliyopotea kwa sababu limepitia dirisha sahihi.

Tena, si kila usimamizi umepatikana kwa njia moja. Upo ule wa kisheria: tangu amri iliyotolewa mwaka 1630, katika zama za Papa Urbano VIII, msimamizi wa mji au nchi anapaswa kuchaguliwa na watu wenyewe kwa kukubaliana na askofu na makleri, kisha uchaguzi uthibitishwe na Roma, na kanuni zilizotolewa mwaka 1973 ziliendeleza utaratibu huohuo. Upo pia ule wa desturi, ambao haukuandikwa na mtu, ambamo watu wa kazi fulani au wenye shida fulani wamemzoea mtakatifu fulani kwa karne nyingi, na Kanisa limeuacha uendelee bila kuutolea hati. Watu hudhani kwamba kila kilichoandikwa chini ya picha ya mtakatifu kimetoka Vatikano. Kwa Antoni, kilicho maarufu zaidi hakikutoka huko.

Chanzo cha Antoni wa vitu vilivyopotea ni wimbo. Miaka michache baada ya kutangazwa kwake, Julian wa Speyer, mtawa Mfransisko aliyekuwa mtunzi hodari wa sala za kuimbwa, alitunga masifu ya sikukuu yake. Ndani yake mna kiitikizano kinachoanza kwa maneno ya Kilatini Si quaeris miracula, yaani, ukitafuta miujiza. Kisha kinaorodhesha: mauti, upotovu, maafa, pepo na ukoma vinakimbia, wagonjwa wanainuka wazima, bahari na minyororo vinatii, viungo vya mwili na vitu vilivyopotea vijana kwa wazee wanaviomba na kuvipata, hatari zinatoweka, uhitaji unakoma, na wanaotaka ushahidi wawasikilize watu wa Padua. Katika orodha hiyo ndefu vitu vilivyopotea vimepewa maneno mawili tu, na hakuna dalili kwamba mtunzi aliyaona kuwa na uzito kuliko mengine.

Kwa nini basi maneno hayo mawili yakameza mengine yote? Jibu langu ni kwamba ukoma, minyororo na merikebu zinazozama si shida za kila nyumba wala za kila siku, bali hakuna anayemaliza mwaka bila kupoteza kitu. Sala inayohitajiwa mara nyingi ndiyo inayokumbukwa. Isitoshe, anayetafuta kitu huwa anakipata mara nyingi, iwe ameomba au hakuomba, na aliyeomba akakipata hasahau kusimulia. Sifa ya namna hiyo haina jinsi ya kupungua.

Kisha kikatokea kisa cha kuieleza sifa hiyo. Masimulizi yaliyoandikwa baadaye, katika karne ya 14, yanasema kwamba novisi mmoja aliyechoshwa na maisha ya kitawa alitoroka usiku na kitabu cha Zaburi cha Antoni, ambacho pembezoni mwake kilikuwa kimejaa maelezo aliyoyatumia kufundishia. Antoni akasali, na novisi, baada ya kukutana njiani na kitisho kilichomrudisha nyuma, akaleta kitabu na kurudi utawani. Hatuwezi kukipokea kisa hiki kama taarifa ya tukio lenye mashahidi. Kina mambo mengi ya kawaida ya hadithi za watakatifu. Lakini aliyekitunga, au aliyekipokea, alimjua Antoni. Zama zile kitabu kiliandikwa kwa mkono juu ya ngozi, kikigharimu kiasi ambacho ndugu maskini hawakuweza kukirudishia, na maelezo ya pembezoni yalikuwa kazi ya miaka. Kilichopotea katika kisa hicho hakikuwa pete bali chombo cha kazi cha mwalimu, na pamoja nacho alipotea mtu, ambaye pia alirudi. Ni mahali pamoja tu ambapo Antoni wa Coimbra na Antoni wa funguo wanakutana, nasikitika kwamba sehemu ya novisi kurudi husimuliwa kwa haraka.

Picha zake nazo zilipita njia kama hiyo. Michoro ya zamani humwonyesha akiwa na kitabu, alama ya mhubiri na mwalimu. Mtoto Yesu aliingia baadaye na kuenea kuanzia karne ya 15, kutokana na simulizi kwamba mwenyeji wake alichungulia chumbani usiku akamwona amemkumbatia Mtoto aliyezungukwa na mwanga. Katika sanamu nyingi Mtoto huyo amekaa au kusimama juu ya kitabu, na watazamaji wengi hawakioni tena. Masalia yake yanasema jambo jingine: kaburi lilipofunguliwa mwaka 1263 mbele ya Bonaventura, aliyekuwa mkuu wa shirika lote, mwili ulikuwa umeoza lakini ulimi ulikutwa haujaharibika, na hadi leo umehifadhiwa Padua katika chombo chake cha pekee. Wenyeji wa mji huo hawana haja ya kutaja jina lake. Basilika yake wanaiita kwa kifupi Il Santo, yaani Mtakatifu.

Mkate wa Mtakatifu Antoni, ambao ni sadaka inayotolewa kwa maskini kwa jina lake, una asili mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya Padua, mara tu baada ya kifo chake: mtoto mdogo aitwaye Tommasino alizama majini, na mama yake akaahidi kwamba mwanawe akirudishiwa uhai atawapa maskini nafaka yenye uzito sawa na wa mtoto. Ya pili ni ya Toulon, Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 19, ambapo mwenye duka mmoja aitwaye Louise Bouffier alishindwa kufungua kitasa cha mlango wake, akaahidi mkate kwa maskini iwapo ungefunguka bila kuvunjwa, na mlango ukafunguka. Masanduku ya sadaka yenye jina la Antoni yaliyoenea makanisani yalitokana hasa na hili la pili, ingawa lile la kwanza ndilo lililoweka kanuni yake: ombi halitolewi mikono mitupu, na anayelipwa ni maskini.

Kwa upande wa nchi na miji, hati zipo na zinasomeka, lakini hata hapo watu hukosea. Ureno ina msimamizi wake mkuu, Bikira Maria Mkingiwa wa Dhambi ya Asili, tangu karne ya 17. Antoni alitangazwa na Papa Pius XI mwaka 1934 kuwa msimamizi wa pili wa nchi hiyo. Na Lisbon, mji aliozaliwa, msimamizi wake wa tangu zamani ni Mtakatifu Vinsenti, ambaye masalia yake yaliletwa mjini mwaka 1173, kabla Antoni hajazaliwa. Ukifika huko mwezi Juni hutaamini, kwa kuwa siku ya mapumziko ya mji ni tarehe 13, sherehe za mitaani ni za Antoni, na tangu mwaka 1958 mji umekuwa ukiwafungisha ndoa maharusi kwa pamoja chini ya jina lake, isipokuwa kwa miaka kadhaa ambapo desturi hiyo ilisimamishwa kuanzia mwaka 1974. Usimamizi wake juu ya wachumba umetoka kwenye desturi hizo za Wareno na Wabrazili, wala hauna tukio lolote katika maisha yake la kuutegemeza.

Wafalme wa Ureno walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1668 Antoni aliandikishwa kama askari katika kikosi cha Lagos, kusini mwa nchi, na mwaka 1683 akapandishwa cheo kuwa kapteni. Alilipwa mshahara, ambao ulitumika kwa mahitaji ya ibada yake, na mtindo huohuo ukafuatwa Brazil. Mtu aliyetaka kwenda Moroko bila silaha akauawe kwa ajili ya Injili aligeuzwa ofisa wa jeshi la mfalme. Kwa maoni yangu hakuna mfano ulio wazi kuliko huo wa usimamizi unaoeleza habari za wanaoomba na si habari za anayeombwa.

Mfano mwingine, wenye uchungu zaidi, uko Afrika. Ufalme wa Kongo ulipokea Ukristo mwaka 1491 kupitia Wareno, na Antoni akaingia pamoja nao. Watu wa Kongo walimchonga kwa shaba, pembe na mti, katika sanamu ndogo zilizovaliwa kwa ajili ya kinga na bahati njema. Mwanzoni mwa karne ya 18, ufalme ukiwa umesambaratishwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe na mji mkuu Mbanza Kongo, ulioitwa pia São Salvador, ukiwa umeachwa mahame, msichana aitwaye Kimpa Vita, kwa jina la ubatizo Beatriz, aliugua sana, na alipopona alitangaza kwamba amekufa na kwamba aliyefufuka katika mwili wake ni Mtakatifu Antoni. Kwa jina hilo alihubiri kwamba vita vikome, mfalme mmoja arudi Mbanza Kongo, na kwamba Yesu na watakatifu walikuwa wa Kongo. Maelfu walimfuata wakaujaza tena mji uliokuwa gofu. Mapadre Wakapuchini waliokuwa huko, ambao nao ni wana wa Fransisko, walimwona kuwa mzushi, na tarehe 2 Julai 1706, chini ya mfalme Pedro IV, alichomwa moto. Wafuasi wake waliendelea hadi waliposhindwa vitani mwaka 1709, na wengi wao waliuzwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki.

Kanisa haliutambui usimamizi wa aina hiyo, na si vigumu kuona kwa nini: Kimpa Vita hakumwomba Antoni amwombee, alidai kuwa yeye. Lakini swali la kwa nini alimchagua Antoni na si mwingine lina jibu la kueleweka. Kwa Wakongo alikuwa mtakatifu aliyekwisha kukaa majumbani mwao, anayerudisha kilichopotea. Na kilichokuwa kimepotea ni nchi nzima.

Mnamo tarehe 16 Januari 1946, siku ambayo Wafransisko huwakumbuka wale wafiadini watano wa Marrakesh, Papa Pius XII alimtangaza Antoni kuwa Mwalimu wa Kanisa, na anajulikana kwa jina la Mwalimu wa Injili. Hapo ndipo sauti rasmi ya Kanisa iliporudi kwa mtu wa Coimbra na Forlì, karibu miaka 715 baada ya kifo chake. Tangazo hilo halikufuta chochote katika desturi za watu, wala halikukusudiwa kufanya hivyo, lakini limempa anayetaka kumfahamu mahali pa kuanzia ambapo si kwenye funguo.

Imebaki tahadhari moja kwa wanaochagua jina la kumbatiza mtoto au kulipa kanisa. Antoni Abati, mkaapweke wa Misri aliyefariki mwaka 356, ndiye anayechorwa akiwa mzee mwenye ndevu, fimbo na nguruwe, na ndiye msimamizi wa mifugo na wa wenye magonjwa ya ngozi. Kwa kuwa Antoni wa Padua alichukua jina lake kutoka kwa mzee huyo, na kwa kuwa wote wawili huitwa kwa kifupi Mtakatifu Antoni, picha na sala zao huchanganywa hata katika vitabu vidogo vya ibada. Njia rahisi ya kuwatofautisha ni kalenda: sikukuu ikiwa tarehe 17 Januari, somo ni Mmisri, ikiwa tarehe 13 Juni, ni Mreno.